Mchumba Asiye na Makaburi

"Ukitaja tena hicho kijiji kabla hatujafika makaburini, Nestor, nakuacha hapahapa njiani na kikapu chako."

Nestor akafunga mdomo. Wakapiga hatua kumi, kumi na tano. Kisha akaufungua.

"Nilikuwa nasema tu, kama tungeomba ile ramani ya zamani, ile ya wapimaji wa Vienna, walipokuwa wanatawala huku..."

"Nestor!"

"Basi, basi. Nimenyamaza."

Miaka mitatu hakunyamaza, angenyamaza leo? Romana akatangulia, viatu vyake vya Jumapili vikizama kwenye tope la Aprili. Alimpenda mwanaume huyu, hilo halikuwa na ubishi. Alipenda jinsi alivyocheka huku amefumba jicho moja. Alipenda mikono yake ya fundi wa mabasi, mipana, yenye makovu, iliyokuwa mipole ajabu ilipomgusa shingoni. Lakini mtu anayekushika shingoni, akakutazama machoni, halafu akakuuliza kama rejista za ubatizo za mwaka 1890 zimeshatoka kwa fundi wa kujalidi, utamfanya nini? Utambusu au utampiga kofi?

Walikutana hivyo hivyo, kwenye karatasi. Romana alifanya kazi katika chumba cha kusomea nyaraka mjini Ternopil, yeye ndiye aliyewaletea watu mafaili kutoka ghalani. Siku moja akaingia kijana mrefu, macho mekundu kwa safari ya treni kutoka Kherson kule kusini, akaomba apewe kila kitu kinachohusu kijiji cha Popova Loza.

"Wilaya gani?" Romana alimuuliza.

"Sijui."

"Parokia?"

"Sijui. Bibi yangu alikuwa na miaka minane alipochukuliwa. Mtoto wa miaka minane anajua wilaya?"

Bibi huyo aliitwa Yustyna. Majira ya baridi ya mwaka 1940 alipakiwa na askari kwenye behewa la kwenda uhamishoni pamoja na baba yake na kaka yake, na theluji ilipoyeyuka, katika wale watatu alikuwa amebaki yeye peke yake. Akalelewa kwenye nyumba ya yatima, akaolewa kusini, akazaa, akazeeka. Kitandani mwa mwisho alimshika Nestor mkono akamwambia: nitafutie Popova Loza, nitafutie bibi yangu Tekla, tulimwacha kitandani mgonjwa. Na Nestor, kwa uchungu wa siku ile, akaapa mbele ya jeneza kwamba hatafunga ndoa kanisani mpaka udongo wa kaburi la Tekla umwagwe juu ya kaburi la Yustyna. Hakuna aliyemlazimisha. Alijifunga mwenyewe, na kamba ikamfunga Romana pia.

Mwanzoni Romana alicheka. Kijiji kimoja? Kazi ya wiki mbili hiyo! Lakini vijiji vya huku kila aliyekuja na muhuri alikuja na majina yake. Popova Loza ya kwanza waliyoipata ilikuwa imebadilishwa jina mara mbili, na walipofika walipokewa na mbwa, na wazee wakawaambia hapa hapakuwa na Tekla yeyote tangu dunia iumbwe. Ya pili ilikuwa chini ya maji ya bwawa. Walisimama ukingoni na mvua ikiwanyeshea, wakatazama bata. Ya tatu ilikuwa mstari mmoja tu katika orodha ya zamani ya mapadri, haina wilaya wala idadi ya watu. Kitongoji pengine, kilichokuja kumezwa na kijiji kingine. Romana alipekua mafaili matano kwa siku, hayo ndiyo yaliyoruhusiwa, na jioni alirudi chumbani kwake na vumbi la watu wengine kwenye nywele. Akatimiza miaka ishirini na tisa hivyo. Akatimiza thelathini. Rafiki zake wote walikuwa wanasukuma vigari vya watoto, yeye alikuwa anasukuma kigari cha mafaili.

Na kama hilo halikutosha, alikuwepo mama yake.

Stefa alikuwa mjane, akiishi peke yake kijijini Zarichne katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Mara ya kwanza Romana alipomleta Nestor nyumbani, mama alimkaribisha kwa supu, akamuuliza kwao ni wapi, akasikiliza kisa chote cha Yustyna mpaka mwisho. Halafu akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Tangu siku hiyo wimbo wake ukawa mmoja.

"Mtu asiye na kaburi hata moja la kuwashia mshumaa, nitamjuaje? Nitamuuliza nani tabia za ukoo wao? Huyo ni kama aliokotwa njiani. Simtaki."

Kila mwaka, ilipofika ile Jumapili baada ya Pasaka ambayo familia zote huenda kula na marehemu wao, alimwambia Romana aje peke yake. Mwaka huu Romana hakuomba ruhusa. Alikuwa amechoka na mama, amechoka na Nestor, amechoka na Popova Loza. Leo watakaa wote watatu kwenye benchi moja, na liwalo na liwe.

Makaburi ya Zarichne yalikuwa yamejaa watu. Vitambaa vya kutarizi vilitandikwa juu ya makaburi, na juu yake mikate ya Pasaka, soseji, na mayai mekundu. Stefa alikuwa ameinama kwenye kaburi la baba yake, Oleksa, anachomeka mshumaa. Aliposikia hatua, akageuka na tabasamu la kumpokea binti yake. Tabasamu lile likafia pale alipomwona Nestor.

"Kristo amefufuka, mama," Nestor alisema, akavua kofia.

"Amefufuka kweli," Stefa alijibu. Ulikuwa wajibu, asingeweza kutojibu. Kisha kwa binti yake, kwa sauti ya chini: "Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nije. Nimekuja."

"Romana, usinichezee."

"Sikuchezei, mama. Hana makaburi, sawa. Basi leo akae kwenye letu. Babu Oleksa hakuwahi kumfukuza mtu."

Kwenye kaburi la jirani bibi Khymka, mwanamke wa miaka themanini na kitu mwenye meno mawili na masikio ya sungura, alicheka. "Mwache akae, Stefa! Kijana mrefu hivyo, hata kama hana ukoo si atakuangulia cherry za juu?"

"Kula mkate wako, Khymka."

"Nakula. Masikio hayatafuni."

Nestor akakaa pembeni kabisa mwa benchi, magoti yamebanana kama mwanafunzi mgeni. Romana akamtazama, na moyo wake mjinga ukalainika palepale. Alikuwa amechana nywele kwa maji. Alikuwa amevaa shati jipya. Kwa ajili ya mwanamke asiyemtaka! Chini ya kitambaa, vidole vyao vikatafutana vikapatana, na kwa muda mfupi Romana akasahau kwamba anakasirika.

Padri Yosyf alikuwa anakuja, kaburi kwa kaburi, msaidizi wake akibeba chetezo. Kwenye kila kaburi familia ilimpa orodha ya marehemu wake naye akaisoma kwa sauti. Stefa akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa.

"Karatasi tena?" bibi Khymka alidakia. "Mwaka wa tatu huu unamsomesha padri karatasi kama ya dukani. Daftari la Oleksa liko wapi? Baba yako atakufufukia, Stefa."

"Limechakaa."

"Limo kikapuni, nimeliona," Romana alisema. Kweli alikuwa ameliona, chini ya mayai, lile daftari dogo la jalada jeusi ambalo mama alikuja nalo kila mwaka na miaka mitatu hii hakulitoa. Akaingiza mkono, akalivuta.

"Romana, liache hilo."

"Kwa nini? Ni la babu."

"Nimesema liache!"

Lakini padri alikuwa ameshafika, amenyoosha mkono, na Romana, kwa ukaidi tu, kwa sababu asubuhi nzima ametaka kumuudhi mtu, akamwekea daftari kiganjani.

"Padri, soma ukurasa wa kwanza tu," Stefa alisema haraka.

"Wa pili wamekukosea nini?" Padri Yosyf alimuuliza, akavaa miwani, akaanza. Alisoma upesi, kwa ile sauti ya kuimba ambayo Romana aliisikia tangu utotoni kama mvua juu ya bati, bila kuyashika maneno. Wapumzike watumishi wako, Oleksa, Maria, Vasyl, Petro, Anna. Akafunua ukurasa. Na wapumzike watumishi wako, Havrylo, Ostap, Yustyna, Tekla.

Vidole vya Nestor vikamwachia.

Romana naye alikuwa amesikia. Miaka mitatu ameyaandika majina hayo manne kwenye kila fomu, kwa mpangilio huohuo.

"Padri," Nestor alisema. Alikuwa amesimama. "Samahani, padri. Hayo ya mwisho. Yarudie."

"Havrylo, Ostap, Yustyna, Tekla."

"Baba, kaka, yeye mwenyewe, bibi yake," Nestor alisema polepole. "Kila jioni bibi yangu aliyasoma hivyo kabla ya kulala. Mama Stefa, hawa ni watu wa nani?"

Stefa akanyoosha mshumaa ambao haukuwa umepinda. Padri akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamaliza sala yake kwa kifupi na kusogea kwa bibi Khymka, ambaye alikuwa ameacha kutafuna.

"Mama," Romana alisema. "Umeulizwa."

Stefa akaketi kwenye benchi. Alionekana mfupi ghafla.

"Hapa ndipo Popova Loza, jina lilifutwa kabla sijazaliwa," alisema. "Upande huu wa mto. Nyumba tisa. Ile yetu ni moja ya hizo tisa. Nimemaliza. Mlitaka kujua, mmejua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu aliposema, mezani kwangu, kabla supu haijapoa."

Romana alihisi kama mtu aliyebeba gunia mlima mzima, akafika juu, akaambiwa gunia lilitakiwa kubaki chini. "Miaka mitatu, mama? Umeniangalia nikifa na vumbi miaka mitatu! Nimekwenda kufukuzwa na mbwa! Nimesimama kwenye mvua kutazama bata!"

"Na ningesema nini?" Stefa naye akapandisha sauti. "Babu yako alikuja hapa vita vilipokwisha, na mke wake na ng'ombe mmoja, wamefukuzwa kwao milimani, ng'ambo ya mpaka. Wakapewa nyumba. Wakaambiwa haina mwenyewe. Wakafungua mlango, wakamkuta kikongwe amelala juu ya jiko la matofali, wanakolala wazee wakati wa baridi, ambaye majirani walikuwa wanamletea uji. Tekla. Babu yako angefanyaje, amtupe nje? Wakaishi naye miaka miwili. Alipoona anakufa, akamwambia Oleksa aandike: mwanangu Havrylo, mjukuu Ostap, mjukuu Yustyna. Wote wameshakufa, alisema, nimeota. Wasomee. Na mimi niweke mwisho. Basi babu yako akawasomea, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaingia kaburini."

"Bibi yangu alikuwa hai," Nestor alisema.

"Ndiyo!" Stefa akapiga goti lake kwa ngumi. "Ndiyo, alikuwa hai! Ulipokaa mezani kwangu ukasema amekufa juzi, akiwa na miaka sabini na saba, nilitaka ardhi inimeze. Kumsoma mtu hai pamoja na wafu ni kumloga, hata mtoto anajua. Kuna wanawake wabaya wanaofanya hivyo kwa makusudi ili mtu afe. Na sisi tulimfanyia bibi yako zaidi ya miaka sitini, kwa mishumaa na mkate! Ningeanzaje kukuambia? Karibu mkwe, sisi ndio tuliokuwa tunamzika bibi yako kila Pasaka?"

"Basi ndiyo sababu aliishi sana," bibi Khymka alisema kutoka kule. "Kifo kilidhani kimeshapita kwake."

Hakuna aliyecheka. Au Nestor alicheka, sauti kavu moja, isiyokuwa na furaha. Siku bibi yake alipoolewa, huku walimwombea apumzike. Siku alipomzaa mama yake, huku walimwombea apumzike.

"Hiyo si sababu yote," alisema. "Hilo ungeliungama kwa padri ukaniambia. Kuna lingine."

Stefa akakunja ile karatasi yake mara mbili, mara tatu, mpaka haikunjiki tena.

"Baba aliniapisha. Alisema akitokea mmoja wao, hata mjukuu, nifunge mizigo siku hiyohiyo nimpe nyumba. Nikaapa. Nani alidhani atatokea mtu? Kisha binti yangu ananiletea mtu huyo, amemshika mkono." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. "Nina miaka sitini na mbili. Sina pengine pa kwenda. Nikaona afadhali mkikose hicho kijiji na mchoke, mmoja wenu aondoke. Haya, nimesema. Chukua nyumba."

"Sitaki nyumba yako!" Nestor alisema kwa sauti iliyofanya watu wa makaburi matatu jirani wageuke. "Ningeuliza nyumba lini? Bibi hakuniambia nitafute nyumba. Ungesema siku ile, mama, ningemaliza supu yangu, ningechukua udongo, na Romana angekuwa mke wangu miaka mitatu sasa. Unaniita mtu asiye na makaburi. Mbele ya watu! Na umeyakalia makaburi yangu!"

Kisha akamgeukia Romana. Jicho lile alilolifumba akicheka lilikuwa jeusi kwa hasira.

"Na wewe? Wewe unayesoma majina kwa mshahara. Hukuwahi kulisikia daftari hili?"

Hapo Romana ndipo alipowaka.

"Usithubutu," alisema. "Usithubutu kabisa, Nestor Vivchar. Nililisikia nikiwa mtoto, nikihesabu mayai. Tangu nikujue halijafunguliwa, umemsikia bibi Khymka mwenyewe. Macho yangu nimeyaharibu kwa ajili yako. Ujana wangu nimeuweka kwenye maboksi kwa ajili yako. Na kijiji chako nani amekitoa kikapuni leo? Mimi! Sasa ukitaka kumpigia mtu kelele, zunguka, mpigie Tekla, yeye ndiye aliyeota!"

Akabaki anahema. Kitu kikalegea kwenye taya la Nestor.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Stefa akaonyesha kwa kidole, hakuinua kichwa. "Pale kwenye uzio. Msalaba wa chuma, ule wa bluu."

Nestor akaenda. Romana hakumfuata mara moja. Alibaki ameutazama ule msalaba, maana msalaba ule haukuwa na jina na yeye maisha yake yote alikuwa na jina lake la kuuita. Bibi wa Jikoni. Alidhani ni shangazi wa babu. Hakuwahi kuuliza, nani anauliza?

"Nenda," mama yake alisema kwa sauti iliyochoka. "Nenda, mwanangu. Atakuwa na njaa."

Romana akachukua mayai mawili.

Alimkuta Nestor amepiga magoti kwenye nyasi mbichi, kiganja juu ya chuma. Hakulia. Alikuwa anapitisha dole gumba kwenye rangi, polepole, kama anavyopima chuma cha injini.

"Hii rangi ni mpya," alisema. "Ya wiki hii. Nani anaupaka?"

"Mimi."

"Mwaka huu?"

"Kila mwaka. Babu alinipa brashi nikiwa na miaka saba. Mama alinipiga kwa sababu nilipaka na viatu."

Nestor aliinamisha paji la uso likagusa mkono wa msalaba, akakaa hivyo, na Romana akaona mabega yake yanatikisika. Alitamani kumkumbatia. Alitamani pia kumrushia yai. Akasimama tu.

"Alikufa akiamini kwamba bibi yake alilala bila mtu," Nestor alisema hatimaye.

"Hakulala bila mtu."

"Hapana." Akafuta uso kwa mkono wa lile shati jipya, akachota udongo, akaufunga kwenye leso. Halafu akageuka, bado amepiga magoti, macho yamelowa, na akamshika Romana mkono wenye yai. "Romana. Mama yako sijui nitamsamehe lini, leo sikai mezani kwake. Lakini wewe. Nimeshapata nilichokuwa natafuta, kiapo kimekwisha, hatuna tena kizuizi. Tufunge ndoa. Hata wiki ijayo."

Romana alikuwa ameisubiri sentensi hiyo miaka mitatu. Alikuwa amejiandaa kulia ikija, kuruka, kuanguka kifuani. Badala yake akasikia uchungu wote wa asubuhi, na wa miaka yote, unampanda mpaka kwenye meno.

"Leo?" alisema. "Sasa hivi? Magoti yamejaa tope la Tekla? Miaka mitatu nimekaa kwenye foleni nyuma ya kijiji, Nestor. Leo kijiji kimehudumiwa, ndipo unaita 'anayefuata'?"

"Sikumaanisha..."

"Inuka. Niulize upya. Na usitaje kiapo, wala kizuizi, wala Loza yoyote. Niulize mimi."

Nestor akainuka. Alimtazama tu: nywele zake zilizofumuka, kitambaa kilichomteleza begani, rangi ya bluu iliyobaki chini ya kucha ya kidole cha pete. Alimtazama kana kwamba hajawahi kuinua macho kutoka kwenye faili mpaka leo.

"Nakupenda," alisema mwishoni. "Hata kama kingekuwa hakipo. Hata kama tungekufa tunakitafuta. Utakubali niwe mume wako?"

Romana akakaa kwenye nyasi. Akagonga yai kwenye jiwe, akaanza kulimenya, taratibu, gamba moja baada ya jingine, machozi yakimdondokea mikononi.

"Mimi nimekungoja miaka mitatu," alisema. "Na wewe ningoje nimalize yai langu."

Nestor akakaa kando yake, akangoja.